Chupa Chini ya Mgomba

Shemeji yangu aliiba tezi ya mume wangu siku ya Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa amevaa suti yake ya kanisani. Saa naijua kwa sababu mama anayetuletea maziwa alikutana naye langoni. Mama huyo ni Mmaasai wa upande wa Kisaju, na hawezi kukupa habari yoyote kabla salamu hazijaisha. "Sopa," aliniambia, nikaitikia "Epa," akauliza mgonjwa ameamkaje huko hospitali, akauliza watoto, akauliza shule. Ndipo akasema, "Huyo ndugu ya mzee nimepishana naye hapo kwa geti. Alikuwa amebeba kibegi na mikono mbili, kama mtu anabeba mtoto."

Niliweka sufuria ya maziwa chini nikaenda kufungua kabati la jikoni, lile la chini ninakoweka unga. Chupa haikuwepo.

Acha nirudi nyuma kidogo. Mume wangu alikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja upande wa Athi River. Kazi yake ilikuwa kupima malori yakiingia na yakitoka, na kutoamini neno lolote la dereva. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulihamia Kitengela katikati ya miaka ya tisini, wakati ploti ilikuwa bado kitu ambacho karani na mwalimu wangeweza kununua wakisaidiana, na pundamilia walikuwa wakipita nyuma ya choo chetu bila kutujali. Yeye ni mtu wa magharibi, mimi nimezaliwa Ukambani. Kwa miaka mingi ugomvi wetu mkubwa ulikuwa ugali wake dhidi ya muthokoi wangu, na nilidhani hakuna kingine kilichobaki cha kugombania.

Ugonjwa wenyewe aliuficha. Alikuwa akiingia chooni anakaa huko mpaka chai inapoa, kisha anafungua mfereji nisisikie jinsi mkojo unavyotoka kwa kusitasita. Nilipomuuliza alisema ni umri. Nilimwambia umri hauamshi mtu mara sita usiku, na kwamba kama dereva wa lori angemletea hadithi kama hiyo pale mizani, angemrudisha. Alikwenda hospitali kuninyamazisha. Wakampima damu, wakakata vinyama vidogo, wakatuambia ni kansa ya tezi dume, bado inaonekana imekaa mahali pake, na dawa bora kwake ni kuitoa tezi yote.

Ilikuwa ule mwaka shule za msingi zilipofanywa za bure, na darasani kwangu watoto walikuwa wamekaa mpaka chini ya ubao. Niliomba ruhusa ya wiki mbili. Kaka yake mkubwa, seremala, akaja kutoka nyumbani kukaa nasi. Ni mtu mrefu, mkimya, anayekunja shati lake mwenyewe. Alifika na kibegi kimoja cha ngozi, na kila siku alikuwa akikipeleka hospitali kikiwa kitupu na kukirudisha kikiwa kitupu. Sikujiuliza kwa nini.

Siku ya upasuaji tulikuwa tumekaa kwenye benchi, mimi na yeye. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, ile kitu wanatoa, mtapewa?"

Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu ninakuwa mkali. Nilimwambia hayo ni mambo ya madaktari, na kama anataka kusaidia aombe Mungu aache maswali. Hakujibu. Nikadhani amenielewa. Nimeishi na watu wa mume wangu miaka mingi, na ningepaswa kujua kwamba kwao mtu mzima akinyamaza hajakubali, ameshaamua.

Hadithi ya baba yao niliijua. Mzee aliangukiwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao, wakamkata mguu, na mguu huo ukatupwa kusikojulikana. Huko kwao kinachotolewa kwa mtu hurudishwa kwenye udongo wa nyumbani, uwe mguu au kitovu cha mtoto. Huyu kaka, akiwa kijana, ndiye aliyetumwa kuuomba, na mlinzi akamfukuza getini. Mzee aliishi miaka mingine kumi akilalamika kwamba ule mguu uliotupwa una baridi, na kwamba kuna mtu anaukanyaga. Niliyajua hayo yote, nilishayasikia kila Krismasi, ila siku ile sikuyakumbuka.

Jumamosi mchana sista alinipa chupa ya plastiki yenye mfuniko mpana, imejaa fomalini, na fomu. Hospitali ile haikuwa na maabara ya kazi hiyo, kwa hivyo ilikuwa kawaida jamaa wa mgonjwa kuipeleka wenyewe mjini. Lakini nilipitia kwanza kumwona mume wangu, nikamlisha uji kijiko kwa kijiko, nikamgombeza kwa kuuliza habari za mizani wakati mpira wa mkojo bado unaning'inia pembeni ya kitanda. Nilipofika maabara walikuwa wamefunga. Nikaibeba chupa mpaka Kitengela, nikaiweka pamoja na unga, nikamwambia shemeji asiiguse, ningeipeleka Jumatatu. Nikalala usingizi wa kwanza wa maana kwa wiki nzima, na asubuhi akawa ameondoka nayo.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari mpasuaji kujishtaki. Alikuwa mtu mpole mwenye tabia ya kupangusa miwani akisikiliza. Nilitarajia anipigie kelele, na kwa kweli ningependa apige, ningekuwa na wa kujibizana naye. Badala yake alinikalisha kwenye korido, mbali na pazia la mume wangu.

"Mwalimu," akasema, "tezi tumetoa, lakini bado hatujaisoma."

Akanieleza nami nikasikiliza kama mwanafunzi. Kulikuwa na mambo waliyoyajua kabla ya kisu: kipimo cha damu cha PSA kilikuwa kimepanda kiasi, na vile vinyama vidogo vilionyesha kansa ya ukali wa kati. Lakini makubwa zaidi yalikuwa ndani ya chupa. Je, kansa ilibaki ndani ya ngozi ya tezi au ilikuwa imeitoboa? Je, ilikuwa imeingia kwenye vile vifuko vya mbegu vilivyo nyuma yake? Vipi zile tezi ndogo za jirani? Na pale kisu kilipopita, je, ukingo ulikuwa safi, au kisu kilipita katikati ya ugonjwa na kuacha mbegu yake nyuma? Haya, pamoja, ndiyo yanayoonyesha kama ugonjwa una nafasi ya kurudi, na mgonjwa achungwe kwa namna gani. Bila chupa ile angemchunga mume wangu akiwa amefumba macho.

"Ikiwa bado iko ndani ya dawa, hatujachelewa," akasema. "Ikitolewa ikawekwa kwa udongo, hiyo imeisha."

Nilikwenda kwenye simu ya jamii nikapiga duka la soko la kwao, nikaomba mama mkwe aitwe. Nilisubiri saa nzima kwenye kiti cha mwenye simu, nimeshika mkoba utadhani kuna mtu anataka kuninyang'anya. Mama mkwe alipopiga, hakuzunguka.

"Ameshazika," akasema. "Jana jioni. Tumeimba na tumeomba. Iko hapo kando ya baba yake."

Nilimuuliza kama ilizikwa na chupa au bila chupa. Nikasikia anamuuliza mtu, na mtu anajibu. "Na chupa. Anasema akifungua hiyo dawa inachoma macho."

Nilianza kulia pale pale, huku nacheka, na mwenye simu akanisogezea glasi ya maji. Nikamweleza mama mkwe yote aliyosema daktari, neno kwa neno, hata ya vifuko na ukingo, sijui alielewa ngapi. Alinyamaza, na kunyamaza kwao sasa nilikuwa nimeanza kukuogopa.

"Mtoto wangu mmoja amelala hospitali," akasema mwishowe. "Huyu mwingine atachimba."

Jumatano asubuhi shemeji alikuwa mlangoni kwangu, bila suti, amevaa nguo zake za kazi, kibegi mikononi. Chupa alikuwa ameifunga kwa karatasi ya nailoni na kuikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kazi safi ya seremala, hata tone halikuwa limevuja. Udongo mwekundu ulikuwa bado umeganda kwenye mfuniko. Tangu Jumapili nilikuwa nimempangia maneno, na nayajua maneno. Nilikuwa nimefungua kinywa.

"Shemeji, hii hapa," akasema. "Lakini mimi sikuiba. Nilikuwa nataka ugonjwa usirudi. Kitu ya mtu ikitupwa ovyo, inamtafuta mwenyewe. Nyinyi mna njia yenu ya kuzuia. Mimi hiyo ndio nilikuwa nayo."

Sikusema niliyoyapanga. Siku zile zote nilikuwa nikiomba kwa neno hilohilo, usirudi, nikifua, nikipika, nikivuka barabara. Nilimtengenezea chai na mayai, naye akala akiwa amesimama. Kisha tukaenda mjini pamoja. Kijana wa maabara aliutazama ule udongo akauliza imekuwaje. Nilimwambia chupa iliniponyoka shambani. Shemeji aligeuka akasoma kalenda ya ukutani mpaka tulipomaliza.

Tulipokuwa tukirudi aliniambia jambo moja zaidi. Kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, hata likiwa dogo kama la chupa, kwa sababu litadai mwenyewe. Kwa hivyo alikata chipukizi la mgomba akalipanda mle shimoni na kulifukia. Nilimwambia ni sawa. Kusema kweli nilikuwa nimechoka kubishana.

Majibu yalichukua wiki mbili. Daktari alitueleza, safari hii mume wangu akiwepo, kwamba maabara hupaka tezi wino kwa nje kabla ya kuikata vipande vyembamba. Kansa ikionekana imegusa wino, maana yake imefika pale kisu kilipopita. Ya mume wangu ilikuwa imebaki ndani karibu yote, vifuko vilikuwa safi, tezi ndogo safi, ila mahali pamoja, padogo kama punje ya mtama, ilikuwa imegusa wino. Mimi nimeshika kalamu ya wino mwekundu maisha yangu yote, na sijawahi kuuchukia wino kama siku ile.

"Hii haisemi itarudi," daktari akasema. "Inasema tusilale." Mtu mwenye ukingo safi angepimwa kwa nafasi. Mume wangu angepimwa PSA kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu tezi ikishatoka damu haipaswi kuonyesha chochote, na ikianza kuonyesha, ni heri kuijua ikiwa bado kidogo.

Ilibidi sasa tumweleze mgonjwa chupa ilikuwa wapi siku zote hizo. Alisikiliza hadi mwisho, akashika mshono kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kwa hivyo mimi nimezikwa na nikafufuka," akasema, "na hakuna mtu alinialika."

Miezi iliyofuata haikuwa ya kucheka sana. Mkojo ulikuwa unamtoka akikohoa, akiinuka, akiinama kusoma mizani. Alibeba suruali ya pili ndani ya bahasha ya kiwanda, na kanisani alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Nilimwona akipungua kwa aibu, na iliniuma kuliko upasuaji wenyewe. Alifanya yale mazoezi aliyofundishwa, ya kukaza na kuachia, akiwa ameketi kimya mezani kama anayesali, nami nikimtania kwamba sijawahi kumwona akisali kwa bidii hivyo. Polepole akakauka. Kila miezi mitatu alitoa damu, na kila mara mashine haikuona kitu. Niliandika "hakuna" kwenye kalenda ya jikoni, na jioni hiyohiyo simu yetu mpya ya mkono ilikuwa inalia, shemeji akiuliza kutoka sokoni kwao, "Kipimo imesemaje?" Nikimjibu hakuna, anashukuru na kukata. Hajawahi kuzungumza nami simuni zaidi ya dakika moja.

Mwaka wa tatu, mashine iliona kitu. Kidogo sana. Wakapima tena, kikawa kimeongezeka kidogo. Nilisimama mbele ya kalenda na kalamu, sikujua niandike nini.

Daktari alipangusa miwani. Alisema kuna kurudi na kurudi. Ungerudi ndani ya miezi michache, tena kwa kasi, angeogopa. Huu ulikuwa umechukua miaka kujionyesha, na unapanda polepole, na kwa sababu tulijua ukingo ulipoguswa, alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mbegu iko palepale tezi ilipokuwa, mahali pa kuchomwa kwa miale. Niliyashika maneno hayo kwa meno. Kabla ya kutoka nilirudi peke yangu mlangoni kwake, nikamuuliza kwa aibu kama zile siku za chupa kukaa ardhini zingeweza kusababisha hili. Hakunicheka. Alisema yaliyokuwa ndani ya tezi ile yalikuwemo kabla kisu chake hakijaigusa, na hakuna kilichoipata chupa baada ya hapo ambacho kingeweza kumfikia mume wangu kitandani.

Jioni ya kipimo kile simu ya shemeji ililia, nikamwambia ukweli. Alishukuru, akakata. Miezi miwili ikapita bila simu. Mama mkwe alituma salamu kwamba seremala hapigi randa tena, anakwenda kukaa pale mgombani kutwa, na chakula anakirudisha.

Shule zilipofungwa nilisafiri. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, mgomba umemea mrefu kuliko yeye, una vichipukizi pande zote na mkungu unaoanza kujaa. Nilikalia kanga yangu chini. Sikumsalimu hata vizuri.

"Si wewe," nikamwambia. "Kansa ilikuwa imefika ukingoni kabla hujapanda basi kuja kwetu. Na kama hungeifukua ile chupa, daktari hangejua atafute wapi. Umekaa hapa kama mwizi, na wewe ndiye umempa nafasi."

Akanyamaza. Nilikuwa nimeshajifunza kunyamaza kwao, kwa hivyo nilingoja, na mimi kungoja si kazi yangu. Kuku walipita, wakarudi.

"Na wewe, shemeji," akasema, "ile Jumamosi ulichelewa maabara, ulikuwa unalisha ndugu yangu uji. Usijibebeshe."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote jinsi Jumamosi ile ilivyokuwa ikinila moyo. Hata mume wangu. Nilijifunika uso kwa leso, na yeye akageukia mgomba, akaanza kung'oa majani makavu yaliyokuwa hayana haja ya kung'olewa.

Miale ilichukua wiki saba, Jumatatu hadi Ijumaa. Mume wangu alikuwa ameshastaafu, nami nilikuwa na darasa la nane. Shemeji alihamia kwetu akampeleka na kumrudisha kila siku, kibegi kilekile mkononi, sasa kikiwa na chupa ya maji na ndizi zilizotoka kwa ule mgomba. Wagonjwa wenzao walizijua ndizi hizo kuliko walivyowajua wao kwa majina. Miezi sita baadaye PSA ilishuka, kisha ikashuka tena, kisha mashine ikarudi kutoona kitu. Niliandika "hakuna" kwa herufi kubwa, nikapiga simu mwenyewe kabla ya yeye kupiga. Tulizungumza karibu dakika nne.

Hakuna aliyetuahidi kwamba umeisha. Bado anapimwa, siku hizi mara moja kwa mwaka, na wiki ya kipimo bado ninakuwa mkali na watu wote wa nyumba hii wanajua kunipisha. Lakini miaka ni mingi sasa, na kalenda tumezibadilisha nyingi.

Alipokuja mara ya mwisho, shemeji alituletea chipukizi la mgomba ule, limefungwa kwa karatasi ya nailoni na mpira wa tyubu. Majirani walinicheka. Udongo wetu wa Kitengela ni mweusi, kiangazi unapasuka mpaka unaweza kuingiza mkono, na maji tunaletewa na lori. Nililipanda nyuma ya tangi na kulinyweshea maji ya kufulia, na likashika.

Wiki iliyopita niliamka mapema nikafungua dirisha la jikoni. Mume wangu alikuwa amesimama kule nyuma ya tangi, mgongo kwangu, miguu ameitanua, anakojolea mgomba. Mkojo ulitoka wote kwa mkupuo, bila kusitasita, na alipomaliza ukakatika mara moja alipotaka yeye. Miaka ishirini nyuma ningemgombeza mpaka majirani wasikie. Nilifunga dirisha taratibu asijue nimemwona, nikateleka chai.